Mwongozo kamili: kushusha rekodi ya joto la dunia, nchi kavu na bahari, mpaka kuchora grafu isiyodanganya

Assalaam alaykum ndugu zangu. Juzi kaniletea kijana mmoja picha kwenye WhatsApp, "Shikamoo maalim, mbona dunia imepoa mwaka huu?" Naangalia, mstari unapanda vizuri toka 1880 huko, alafu mwisho kabisa unaanguka puu mpaka kwenye sifuri. Huyo ni wa nne kunitumia grafu ya namna hiyo, na wa tano katuma grafu inayosema wastani wa joto Zanzibar ni nyuzi 188.7.

Hakuna mjinga hata mmoja hapo. Wote walifata kila kitu sawasawa, wakakwama pale pale panapokwamisha watu, mana data hizi zina mitego yake na hakuna anayekwambia. Mi nafundisha jografia hapa Chake, Pemba, hizi data nazishusha kila mwezi, kwaiyo nimeona niiandike kazi nzima toka mwanzo mpaka mwisho, kwa lugha yetu. Historia ya vipimajoto tuiache kwanza, tuingie kazini.

## Vitu vya kuwa navyo

- Laptopu au simu yenye Google Sheets. Excel pia sawa. Simu inatosha kwa hatua za mwanzo ila kwenye kuchora grafu utateseka, bora uazime laptopu hata kwa saa mbili.
- Bando dogo tu. Faili lenyewe halifiki hata kilobaiti 20, picha moja ya harusi inakula zaidi.
- Daftari na kalamu. Usidharau hili, utaona mbele.
- Saa mbili za utulivu. Siku ya kwanza usifanye huku unachat.

## Hatua ya 1: Chukua faili lenyewe, sio jirani yake

Wapo watu kadhaa wanaotunza rekodi ya joto la dunia nzima. NASA wanayo yao inaitwa GISTEMP, inaanzia 1880. NOAA, shirika la bahari na hali ya hewa la Marekani, wanayo, inaanzia 1850. Uingereza kuna HadCRUT5, ya Met Office (idara yao ya hali ya hewa) pamoja na Chuo Kikuu cha East Anglia, nayo toka 1850. Berkeley Earth, kundi huru la watafiti kule Marekani, nao hivo hivo 1850. Ulaya kuna ERA5 ya Copernicus, mradi wa Umoja wa Ulaya wa kuangalia hali ya dunia, hii ni toka 1940 na inatengenezwa kwa njia nyengine kidogo, vipimo vinaunganishwa na modeli ya hali ya hewa.

Kwa anayeanza mi nasema chukua ya NASA, mana faili lake ni jepesi na mpangilio wake hauchanganyi sana. Nenda data.giss.nasa.gov/gistemp, shuka chini mpaka kwenye majedwali, tafuta lile la dunia nzima la miezi, misimu na miaka. Mbele yake kuna TXT na CSV, ni aina mbili za faili: TXT ni maandishi matupu, CSV ni ya kufungulia kwenye Sheets au Excel. Chukua CSV. Jina la faili litakua GLB.Ts+dSST.csv.

Hapa pana mitego miwili. Wa kwanza, ile TXT namba zake zimeandikwa kwa sehemu za mia, yani badala ya 1.28 utakuta 128, na mtu asiyejua anaenda kuandika kwenye ripoti kuwa dunia imepanda nyuzi 128. Wa pili, ukishuka zaidi kwenye ukurasa ule ule kuna majedwali ya nchi kavu peke yake. Yanafanana sana kwa sura. Kama jina la faili halina dSST ndani yake basi bahari haimo, rudi juu.

Umefanikiwa ukifungua faili na kisanduku cha kwanza juu kushoto kimeandikwa maneno ya Land-Ocean, sio namba.

## Hatua ya 2: Lifungue alafu angalia namba zimeegemea wapi

Kwenye Google Sheets fungua karatasi mpya, gonga File, alafu Import, pandisha faili lako. Usiguse kitu kwanza, angalia tu.

Mstari wa 1 ni jina. Mstari wa 2 ni vichwa: mwaka, miezi kumi na mbili, kisha J-D, D-N, na misimu minne. Mwaka 1880 unakaa mstari wa 3. Watu wengi wanafuta mstari wa 1 ili "isafike", msifute, mana fomula zote nitakazotoa hapa zimehesabiwa na huo mstari ukiwepo. Ukitaka kujua mwaka wowote uko mstari gani, toa 1877. Kwahiyo 1951 ni mstari wa 74 na 2024 ni mstari wa 147. Andika hiyo kwenye daftari.

Sasa tazama namba zimeegemea upande gani wa kisanduku. Zikiegemea kulia, kompyuta imezielewa kama namba. Zikiegemea kushoto, imezichukulia kama maneno, na maneno hayajumlishiki. Huu ukaguzi ni wa sekunde tano na umeniokolea siku nzima nzima.

Kwanini zinaegemea kushoto? Mara nyingi ni laptopu za mtumba zilizotoka Ulaya. Nilikua nayo moja imesetiwa Kijerumani, kule desimali wanaandika kwa koma sio nukta, basi nikifungua faili na Excel mstari mzima unaingia kwenye kolamu moja, na nikilazimisha kuugawa, namba zinabaki maneno. Nilihangaika nikidhani faili bovu. Dawa yake ni kubadilisha mpangilio wa nchi kwenye setingi za kompyuta uweke Uingereza au Marekani, kisha ufungue upya. Na ukiona ".27" au "-.18" bila sifuri mbele usiogope, ndo wanavyoandika wao.

Jengine, angalia kolamu ya J-D na ya D-N. J-D ni Januari mpaka Disemba, huo ndo mwaka wetu wa kawaida, uko kolamu N. D-N ni Disemba ya nyuma mpaka Novemba, mwaka wa watu wa hali ya hewa. Tunatumia N.

## Hatua ya 3: Elewa kilichomo ndani kabla hujachora chochote

Hapa naomba mkae, mana hapa ndo shina la makosa yote.

Hizi namba sio joto. Ni tofauti. Ukiona 2024 imeandikwa 1.28 mana yake mwaka huo dunia ilikua na joto nyuzi 1.28 juu ya wastani wa miaka 1951 mpaka 1980. Hicho kipindi cha kulinganishia mi nakiita kianzio. Na namba ya hasi, mfano mwaka 1909 ambao uko karibu -0.5, mana yake ulikua chini ya kianzio, sio kwamba dunia iliganda.

Mtu atauliza, kwanini wasiandike joto lenyewe tu tukamaliza? Swali zuri, na jibu unaweza kulihesabu mwenyewe kwenye daftari.

Chukua vituo viwili. Kisauni hapo Unguja, wastani wa mwaka tuseme nyuzi 26.5. Nairobi kule juu, tuseme 19. Ukichukua wastani wa vituo viwili unapata 22.75. Sawa. Sasa mwaka mmoja Kisauni kipimo kiharibike, karatasi zisifike, unabaki na Nairobi peke yake. Wastani wako mwaka huo unakua 19. Grafu yako itaonesha Afrika Mashariki imepoa karibu nyuzi nne kwa mwaka mmoja, na hakuna kilichopoa, ni kituo kimoja tu kimekosekana.

Ukitumia tofauti hilo halikupati. Mwaka wa joto, Kisauni inakua nusu nyuzi juu ya kawaida yake na Nairobi nayo inakua karibu hivo hivo juu ya kawaida yake. Kimoja kikikosekana, mwenzake anakupa jibu la karibu. Joto lenyewe linabadilika kila ukipanda kilima, ila ile tofauti na kawaida inafanana kwenye eneo kubwa sana, NASA wanaitumia mpaka umbali wa kilomita 1200 toka kwenye kituo. Na toka kwetu mpaka Nairobi hata kilomita 800 hazifiki.

Kianzio nacho kina balaa lake. Fikiria watu wawili wamesimama kwenye ngazi za gati wanapima maji yanavyojaa. Mmoja anahesabu toka ngazi ya chini kabisa, mwenzake anaanzia ngazi ya tatu. Wa kwanza atasema maji yamepanda ngazi tano, wa pili atasema mbili. Maji ni yale yale, bahari ni ile ile, wote wakweli. Ndo mana mwaka 2024 huo huo NASA wameandika 1.28, Copernicus wanaripoti 0.72 juu ya wastani wa 1991 mpaka 2020, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani likasema karibu 1.55 juu ya 1850 mpaka 1900. Nimeona watu wanagombana kwenye magrupu, "wanasayansi wenyewe hawaelewani", kumbe kila mmoja kaanzia ngazi yake.

Kwaiyo kwenye daftari, andika: NASA 1951–1980. HadCRUT5 1961–1990. Ripoti za dunia za NOAA, wastani wa karne ya 20, yani 1901–2000. Berkeley 1951–1980. Usiziweke kwenye grafu moja kabla ya hatua ya 7.

## Hatua ya 4: Jaribio la sifuri

Kama kianzio ni 1951 mpaka 1980, basi wastani wa miaka hiyo lazima uwe sifuri au karibu kabisa na sifuri. Huu ni mtihani wa bure wa faili lako. Kwenye kisanduku kitupu andika:

=AVERAGE(N74:N103)

Ukipata kitu kama 0.00, ikizidi sana 0.01 juu au chini, uko salama: faili sahihi, namba zinasomeka, mistari haijahama. Ukipata kosa, namba zako ni maneno, rudi hatua ya 2. Ukipata namba nyengine kabisa basi kuna mstari umeufuta au umechukua kolamu ya pembeni.

Wanafunzi wangu nawaambia kabisa, grafu ambayo haijapita jaribio la sifuri usiniletee.

## Hatua ya 5: Zile nyota tatu

Tumefika kwenye ugonjwa wa yule kijana wa "dunia imepoa".

Shuka mpaka mwisho wa faili. Mwaka huu haujaisha, kwaiyo miezi isiyofika imewekwa nyota tatu (***) na kolamu ya N nayo hivo hivo. Hata 1880 kwenye D-N utaziona, mana Disemba ya 1879 haimo. Nyota mana yake hakuna data. Lakini Excel ikichora grafu ya mstari, kisanduku chenye maneno inakihesabu kuwa sifuri, basi mstari ulokua juu ya nyuzi moja unaporomoka mpaka chini, na mtu anaenda kutangaza.

Dawa yake, nenda kolamu T, kisanduku T3, andika:

=IF(ISNUMBER(N3),N3,NA())

Kisha iburute mpaka chini mwisho. Pale penye nyota itakuja #N/A, na hiyo grafu inairuka haiichori. Usizifute nyota kwa kuweka 0, nasema tena usiweke 0, mana 0 kwenye data hii ni namba yenye mana kamili, inamaanisha "sawa na wastani wa 1951–1980".

## Hatua ya 6: Chora

Chagua kolamu A na kolamu T, gonga Insert, alafu Chart, chagua grafu ya mstari. Kama programu imeuchora mwaka nao kama mstari unaopita juu huko kwenye elfu mbili, ieleze kwamba kolamu A ni ya mhimili wa chini.

Mhimili wa kushoto andika: "Tofauti na wastani wa 1951–1980, nyuzi za Selsiasi". Yote hayo, usifupishe. Grafu isiyotaja kianzio haina kazi kwa mtu mwengine.

Umefanikiwa ukiona hivi: mwanzo mstari uko chini ya sifuri, unateremka kidogo mpaka karibu 1909, unapanda miaka ya 1930 na 40, unatulia tulia mpaka miaka ya 1970, alafu toka hapo unapanda bila kurudi. Ndani yake utaona meno meno, na mengine unayajua kwa jina. Jino la 1998 ni ile El Niño (maji ya Pasifiki yakipata joto kuliko kawaida) ambayo mvua zake za vuli ya 1997 wazee wetu wote wanazikumbuka. 2016 El Niño nyengine, karibu 1.01. 1992 utaona bonde, 1991 ilikua karibu 0.4 ikashuka karibu 0.2, hiyo ni volkano ya Pinatubo kule Ufilipino ililipuka Juni 1991 ikarusha chembe angani zikazuia jua. Mabonde na vilima vyako vikikaa kwenye miaka hii basi grafu yako ni nzima.

Bado mwaka mmoja mmoja unarukaruka na watu wabishi wanachagua jino moja na bonde moja wanasema "si umeona imeshuka". Kwaiyo ongeza wastani wa miaka kumi. Kisanduku U12 andika =AVERAGE(N3:N12), buruta chini, simama kwenye mwaka wa mwisho uliokamilika. Muongo wa 1981–1990 (angalia U113) utapata karibu 0.27, wa 2011–2020 (U143) utapata zaidi ya 0.8. Na ukitaka kasi ya kupanda, =SLOPE(N98:N147,A98:A147) inakupa toka 1975 mpaka 2024, itatoka karibu 0.02 kwa mwaka, yani nyuzi 0.2 kila muongo.

## Hatua ya 7: Kuhamisha kianzio ili ulinganishe na wengine

Hii ni hesabu ya kutoa tu, wala isikutishe. Unataka kulinganisha NASA na HadCRUT5 ya 1961–1990? Tafuta wastani wa NASA kwenye miaka hiyo hiyo, =AVERAGE(N84:N113), utapata karibu 0.10. Toa hiyo kwenye kila mwaka wa NASA. Basi, sasa zote zimesimama ngazi moja.

Jaribu na 1991–2020, =AVERAGE(N114:N143), itatoka karibu 0.61. Sasa 1.28 toa 0.61 unabaki na 0.67. Copernicus wao walisema 0.72. Unaona walivyokaribiana? Watu wawili mbali mbali, njia mbali mbali, wamepishana nusu ya sehemu ya kumi. Mi siku ya kwanza nilipofanya hii hesabu mwenyewe kwa mkono wangu ndo nilipoacha kabisa kuhofia kwamba kuna mtu anatunga namba.

Onyo: faili la NASA linaanzia 1880, kwaiyo huwezi kupata wastani wa 1850–1900 humo ndani. Unaweza kukaribia kwa 1880–1900, =AVERAGE(N3:N23), itatoka karibu -0.22, na 2024 inakua karibu 1.50. Lakini useme wazi umetumia 1880–1900. Kwa 1850–1900 kamili shusha HadCRUT5 au Berkeley. Na vipimo vya zamani havina uhakika kama vya leo, NASA wenyewe wanakadiria namba inaweza kupishana na ukweli kwa karibu 0.05 kwa miaka ya karibuni na karibu 0.15 kwa miaka ya mwanzo.

## Hatua ya 8: Nchi kavu na bahari, na lile swali la ndoo

Ukizitenganisha utaona nchi kavu inapanda haraka zaidi. Ripoti kubwa ya 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, iliweka muongo wa 2011–2020 dhidi ya 1850–1900 hivi: nchi kavu 1.59, bahari 0.88, kwa pamoja 1.09. Bahari ni nzito kupasha, inachanganya joto kwenda chini, na maji yakigeuka mvuke yanaondoka na joto. Ila msidhani bahari imenusurika. Zaidi ya asilimia 90 ya joto lililozidi limeingia baharini, ni kwamba limetawanyika kwenye kina, na hii rekodi yetu inapima ngozi ya juu tu. Kwenye kina kuna maboya ya Argo, kama 4000 duniani, yanazama mpaka mita 2000 na kurudi juu kutuma vipimo.

Na sehemu hiyo ndogo ya nyuzi kwetu sio ndogo. Mwaka 1998 na 2016 matumbawe yetu yalipauka, Chumbe nako kuliguswa. Mama zetu wa mwani wanaujua ule mwani mnene wenye bei unavyogeuka mweupe na kukatika maji ya kina kifupi yakichemka, wengi wamebaki na ule mwembamba unaovumilia.

Sasa swali linalokuja kila mara: "Kwanini wanarekebisha data za zamani, si kuchakachua huko?"

Zamani meli zilipima joto la bahari kwa kuteka maji kwa ndoo, nyengine za turubai. Ndoo ya turubai inavuja jasho, upepo unapiga pale sitahani, maji yanapoa kabla kipimajoto hakijasoma. Sisi tuliokulia na mtungi uvunguni mwa kivuli tunalijua hilo bila kufundishwa, maji ya mtungi ni baridi kwasababu udongo unatoka jasho. Basi bahari ya zamani ilipimwa kama maji ya mtungi. Baadae meli zikaanza kupima maji yanapoingia kupoza injini, hayo yanasoma joto zaidi kidogo. Ukiunganisha ndoo na injini bila kurekebisha unapata mruko wa uongo.

Kwaiyo wanapandisha vipimo vya ndoo vya zamani. Mana yake nini? Zamani inakua na joto zaidi kuliko ilivyoandikwa, basi ongezeko mpaka leo linakua dogo. Ukijumlisha marekebisho yote ya nchi kavu na bahari, yanapunguza kasi ya kupanda joto la dunia, hayaongezi. Anayesema wanachakachua ili ionekane imepanda sana, kaigeuza khasa.

## Hatua ya 9: Kituo cha kwetu, na nyuzi 188.7

Kila mtu anataka kuona Zanzibar. Kwenye tovuti ile ile ya GISTEMP kuna sehemu ya vituo, data.giss.nasa.gov/gistemp/station_data_v4_globe, unaizungusha dunia mpaka kwetu unabonyeza nukta. Unashusha CSV ya kituo.

Humu ndani mambo yanageuka. Sio tofauti tena, ni joto lenyewe. Na hakuna nyota, data ikikosekana wanaandika 999.90. Sasa piga hesabu: mwaka una miezi kumi ya 26.5 na miwili ya 999.90, ukiweka wastani unapata nyuzi 188.7. Hiyo angalau inaonekana ni kosa. Hatari ni pale moja kama hiyo inapopotea ndani ya wastani wa miaka 30 ya mwezi mmoja, namba inatoka karibu 59 na mtu anadhani ni farenhaiti.

Zitafute uzifute ziwe tupu. Tafuta 999.9, mana karatasi ikishasoma inaikata ile sifuri ya mwisho na ukitafuta 999.90 unaweza kuambiwa hamna. Au tumia =AVERAGEIF(B2:B60,"<900") ukibadilisha mistari kulingana na faili lako.

Kisha usifanye wastani wa mwaka moja kwa moja. Fanya mwezi kwa mwezi. Kwetu Februari na Machi kaskazi inaisha ni moto, Julai na Agosti kusi inapiga watu wanajifunika shuka. Mwaka ambao Julai na Agosti hazipo utaonekana wa moto kumbe umekosa baridi yake. Kwaiyo tafuta wastani wa Januari zote za kianzio chako, toa kwenye kila Januari. Kisha Februari, mpaka Disemba. Baada ya hapo ndo uchukue wastani wa zile tofauti kwa mwaka. Mi nashika sheria ya angalau miaka 20 yenye data kati ya 30 kwa kila mwezi, chini ya hapo sichori.

Na kituo kimoja kinaruka ruka kuliko dunia nzima, hilo ni kawaida. Usichukue mwaka mmoja wa baridi wa Kisauni ukapinga nao grafu ya dunia, wala mwaka mmoja wa moto ukathibitisha nao.

## Kabla hujatuma kwenye grupu

Faili lipe jina lenye tarehe uliyoshusha, mfano gistemp_2025_03_12. NASA wanaongeza mwezi mpya kila mwezi, kwenye tarehe kumi hivi, na ripoti za vituo zilizochelewa zikifika namba za nyuma zinasogea kidogo. Leo 2016 ni 1.01, kesho unaweza kuikuta 1.00 au 1.02. Bila tarehe utabishana na mwenzako saa nzima kumbe kila mmoja ana toleo lake.

Chini ya grafu andika vitu vitatu: imetoka wapi, kianzio gani, imeshushwa lini. Alafu fungua karatasi yako mara ya mwisho, rudia =AVERAGE(N74:N103). Ikisoma sifuri, tuma. Yule kijana wangu alirekebisha nyota zake jana usiku akanitumia tena, mstari umeishia juu pale pale ulipotakiwa, na chini kaandika tarehe.